Sigara za kielektroniki: betri ndiyo hatari, na mnunuzi ameachiwa kuichagua peke yake

Tangu tarehe mosi Juni 2025, hakuna duka nchini Uingereza linaloruhusiwa kuuza sigara ya kielektroniki ya kutumia na kutupa. Ubelgiji ilitangulia tarehe mosi Januari mwaka huo huo, ikawa nchi ya kwanza ya Umoja wa Ulaya kuchukua hatua hiyo, na Ufaransa ikafuata kwa sheria iliyopitishwa mwezi Februari. Sababu kubwa zilizotolewa ni mbili: kuwakinga vijana na uraibu wa nikotini, na kupunguza takataka. Lakini kwa mvutaji, marufuku hiyo imeleta swali jipya. Akiacha kifaa cha kutupa na kushika cha kuchajiwa, atajuaje betri ipi inafaa, na ipi inaweza kumlipukia mfukoni?

Swali hilo si dogo. Nchini Marekani, idara ya serikali kuu inayofuatilia mambo ya moto, US Fire Administration, ilihesabu visa 195 vya sigara za kielektroniki kulipuka au kuwaka kati ya Januari 2009 na mwisho wa 2016. Watu 133 walijeruhiwa, 38 kati yao vibaya sana. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha George Mason walikadiria kwamba kati ya 2015 na 2017 hospitali za Marekani zilipokea katika vyumba vya dharura watu 2,035 wenye majeraha ya moto au ya mlipuko wa vifaa hivyo. Mwaka 2018 mtu mmoja alifariki katika mji wa St. Petersburg, jimbo la Florida, baada ya kifaa chake kulipuka. Januari 2019 kijana mwingine alifariki kwa namna hiyo katika mji wa Fort Worth, jimbo la Texas.

Kinacholipuka si maji yenye nikotini wala moshi wake. Ni betri ya lithiamu. Na hapo ndipo jambo hili linapoigusa Kongo. Sehemu kubwa ya kobalti inayotumika katika betri za dunia inachimbwa hapa nchini, hasa katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Tena betri za umbo lile lile zimo ndani ya tochi, redio, taa za sola na pawabenki zinazouzwa katika masoko yetu. Anayejua kuchagua betri ya sigara ya kielektroniki anajua pia kuchagua betri ya taa ya nyumbani kwake.

Betri nzima zilizokuwa zikitupwa

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hata zile sigara za kutupa zilikuwa na betri za kuchajiwa. Kwa nje zilionekana kama kipande cha plastiki chenye rangi, zikauzwa kwa bei ndogo, na maji yake yakiisha mtu akazitupa. Lakini ndani yake mlikuwa na betri ya lithiamu ya aina ile ile inayoweza kuchajiwa tena na tena. Watafiti wa vyuo vikuu vya London na Oxford walizipasua sigara hizo mwaka 2023, wakazitoa betri na kuzipima. Waligundua kwamba zingeweza kuchajiwa mamia ya mara bila kupoteza nguvu nyingi. Kilichokosekana mara nyingi ni tundu la chaja tu.

Shirika la Material Focus, ambalo linashughulikia takataka za vifaa vya umeme nchini Uingereza, lilikadiria mwaka 2023 kwamba Waingereza walikuwa wakitupa karibu sigara milioni 5 za namna hiyo kila wiki. Mwaka uliotangulia makadirio yalikuwa milioni 1.3. Shirika hilo pamoja na wakuu wa vikosi vya zima moto walihesabu pia zaidi ya moto 1,200 katika muda wa mwaka mmoja, kwenye malori ya takataka na mahali zinapochambuliwa, uliosababishwa na betri zilizotupwa ovyo za vifaa vya kila aina.

Kwa hiyo marufuku ina maana. Lakini imehamisha mzigo. Zamani kiwanda ndicho kilichochagua betri, kikaifunga ndani, na mvutaji hakuiona. Kwa baadhi ya vifaa vinavyochukua nafasi hiyo, mvutaji mwenyewe ndiye anayekwenda dukani au kwenye intaneti kununua betri.

Aina mbili za vifaa

Vifaa vya kuchajiwa viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ina betri iliyofungwa ndani kiwandani, na mtumiaji anaichaji kwa waya kama anavyochaji simu. Mwenye kifaa hiki hana betri ya kuchagua. Kazi yake ni kutumia chaja inayolingana na maelezo ya kifaa, kutokiacha kwenye jua au kando ya jiko, na kukiacha kabisa kikianza kuvimba au kupata joto bila sababu. Kwa mtu asiyependa hesabu za umeme, hii ndiyo njia yenye hatari ndogo zaidi.

Aina ya pili ina nafasi tupu ya kuweka betri moja, mbili au hata tatu. Betri inayotumika sana ni ile ya duara ndefu inayoitwa 18650. Namba hiyo si ya nguvu, ni ya ukubwa: upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, na sifuri ya mwisho inaonyesha kwamba ni ya duara. Ipo pia 21700, yenye upana wa milimita 21 na urefu wa milimita 70. Betri zote mbili kwa kawaida zina volti 3.6 au 3.7, na zikijaa hufika volti 4.2.

Mkanganyiko unaanzia hapo. Betri mbili za 18650 zinaweza kufanana kwa urefu, upana, volti na hata rangi, lakini moja ikafaa kwa sigara ya kielektroniki na nyingine ikawa hatari. Kuingia vizuri kwenye nafasi yake hakuonyeshi kwamba betri inafaa.

Namba mbili, moja tu ndiyo inayokinga

Kwenye ngozi ya plastiki ya betri, au kwenye maelezo yake, kuna namba mbili za kutafuta. Ya kwanza ni miliampea-saa, inayoandikwa mAh. Hiyo ni ujazo: inaonyesha betri itadumu muda gani kabla ya kuchajiwa tena. Ya pili ni ampea, inayoandikwa A. Hiyo inaonyesha betri inaweza kutoa umeme mwingi kiasi gani kwa mfululizo bila kupata joto la hatari.

Wauzaji hupenda kutangaza namba ya kwanza, kwa sababu kila mtu anaelewa kwamba kubwa ni bora. Lakini namba inayomkinga mvutaji ni ya pili. Mfano wa mtungi wa maji unasaidia. Ujazo ni ukubwa wa mtungi. Ampea ni upana wa mdomo wake. Mtungi mkubwa wenye mdomo mwembamba haumiminiki haraka. Betri nayo ikilazimishwa kutoa umeme kuliko uwezo wake, inachemka kutoka ndani.

Tena namba hizo mbili mara nyingi huvutana. Katika betri za ukubwa mmoja, kiwanda kikiongeza ujazo, mara nyingi uwezo wa kutoa umeme mwingi hupungua. Betri ya Panasonic NCR18650B ina ujazo wa karibu mAh 3,400, lakini haikuundwa kutoa zaidi ya ampea 7 hivi. Inafaa kwa kompyuta au tochi ya kawaida. LG HG2 ina mAh 3,000 na ampea 20. Samsung 25R ina mAh 2,500 na ampea 20. Sony VTC5A ina mAh 2,600 na ampea 25. Mtu anayeangalia mAh peke yake ataichukua ile ya kwanza, na katika sigara ya kielektroniki yenye nguvu, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote nne.

Kuna pia mtego wa ampea za kuonyesha. Baadhi ya wauzaji huandika ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde chache tu, wakaziandika kwa herufi kubwa kana kwamba ndizo za mfululizo. Anayenunua aulize ampea za mfululizo, na asipojibiwa aiache betri hiyo.

Hesabu ya dakika moja

Baada ya kujua ampea za betri, inabaki kujua kifaa kinahitaji ampea ngapi. Hapo inategemea kifaa.

Katika vifaa vya kisasa vyenye kompyuta ndogo ndani, mtumiaji anachagua wati kwenye kioo. Hesabu yake ni kugawa wati kwa volti ya chini ambayo kifaa kinakubali kabla ya kuzima, kisha kuongeza kidogo kwa ajili ya nguvu inayopotea njiani. Kifaa chenye betri moja kinachotumiwa kwa wati 60, na kinachozima betri ikishuka hadi volti 3.2, kitaidai betri karibu ampea 21. Betri ya ampea 20 tayari imezidiwa. Kifaa hicho kikiwa na betri mbili zinazogawana kazi, kila moja itatoa wati 30, sawa na ampea 10 au 11, na betri ya ampea 20 itatosha kwa raha. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba betri inapoelekea kuisha, ampea zinapanda, kwa sababu kifaa kinataka wati zile zile kutoka kwenye volti iliyopungua.

Aina nyingine ni vifaa vya bomba tupu la chuma, visivyo na kompyuta wala kinga yoyote. Ndani yake umeme unatoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye waya unaopasha maji joto. Hesabu ni kugawa volti 4.2 kwa ukinzani wa waya huo, unaopimwa kwa omu. Waya wa omu 0.5 unadai ampea 8.4. Waya wa omu 0.2 unadai ampea 21. Waya wa omu 0.1 unadai ampea 42, ambazo ni karibu mara mbili ya uwezo wa zile betri tatu za ampea 20 na 25 zilizotajwa. Asiyeweza kupima omu kwa kipimo cha kuaminika hapaswi kugusa kifaa cha namna hiyo.

Umbo la bomba lina hatari yake ya ziada. Betri ikichemka inatoa gesi, na gesi inatafuta njia ya kutokea. US Fire Administration ilieleza kwamba katika kifaa cha duara, ncha ndiyo sehemu dhaifu, hivyo betri ikipasuka kifaa hurushwa kwa nguvu kama roketi. Wakati huo kiko mdomoni, mkononi au mfukoni.

Kobalti nyingi si usalama

Kemia nayo ina sehemu yake, na hapa msomaji wa Kolwezi au Lubumbashi anaweza kushangaa. Betri ya lithiamu iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991 ilitumia oksidi ya lithiamu na kobalti. Katika kiwanja hicho, kobalti peke yake ni kama asilimia 60 ya uzito. Aina hiyo inabeba nishati nyingi ndani ya nafasi ndogo, ndiyo maana ilitawala katika simu. Lakini haipendi kutoa umeme mwingi kwa ghafla, na ikipata joto kupita kiasi inaachia oksijeni inayochochea moto kutoka ndani.

Kwa vifaa vinavyodai ampea nyingi, viwanda vilihamia kwenye mchanganyiko wa nikeli, manganizi na kobalti kidogo, au wenye manganizi zaidi. Betri hizo zinavumilia kazi ngumu vizuri zaidi. Ipo pia ya fosfati ya chuma, isiyo na kobalti kabisa, ambayo ni tulivu kuliko zote kwenye joto. Lakini volti yake ni 3.2 na ujazo wake ni mdogo, kwa hiyo haiwekwi kwenye kifaa kilichoundwa kwa volti 3.7, wala haichajiwi kwa chaja ya kawaida ya volti 4.2. Kemia inapunguza hatari, lakini haiondoi ulazima wa kuangalia ampea. Betri ya kemia nzuri ikilazimishwa kupita uwezo wake itachemka vile vile.

Bandia na zilizovalishwa upya

Hesabu zote hizo zinategemea jambo moja: kwamba namba iliyoandikwa ni ya kweli. Sokoni mara nyingi si ya kweli.

Udanganyifu ulio rahisi kuutambua ni wa ujazo. Betri za 18650 zinazotangazwa kuwa na mAh 6,000 au hata 9,900 zinauzwa kila mahali. Betri bora za ukubwa huo kutoka viwanda vikubwa kwa miaka mingi zimekuwa na mAh 3,500 hivi, na hata zile mpya kabisa hazifiki nusu ya 9,900. Kwa hiyo namba hiyo peke yake inatosha kumfanya mnunuzi aiache. Uzito nao unasaidia. Betri halisi ya 18650 ina gramu 45 hadi 50, na nyingi za bandia ni nyepesi kuliko hapo.

Udanganyifu mgumu zaidi ni wa betri zilizovalishwa upya. Betri zilizotolewa kwenye kompyuta za zamani husafishwa, huvalishwa ngozi mpya ya plastiki na kuuzwa kama mpya. Nyingine ni halisi, lakini zimekataliwa na kiwanda kwa sababu hazikufikia kiwango. Betri za kompyuta kwa kawaida ni za ampea chache, kwa hiyo anayeziweka kwenye sigara ya kielektroniki anaanza tayari na hatari mbili: uchakavu na ampea pungufu. Jina la kiwanda kwenye ngozi halithibitishi lolote, maana ngozi hiyo inauzwa kwa rundo.

Kinachobaki ni kununua kwa muuzaji anayejulikana, anayeweza kusema betri ilitoka wapi na anayekubali kurudishiwa. Bei ya chini ajabu nayo ni habari tosha.

Baada ya kununua

Betri sahihi inaweza kuharibiwa na matunzo mabaya. Katika visa 195 vilivyohesabiwa na US Fire Administration, 61 vilitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni, 60 kifaa kikitumika, na 48 betri ikichajiwa. Kwa hiyo mfuko wa suruali uliongoza. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Katika betri ya duara, karibu mwili wote wa chuma ni upande hasi, na upande chanya ni kile kidude cha juu. Funguo au sarafu ikigusa pande zote mbili, inapiga shoti. Betri ya akiba inabebwa ndani ya kisanduku cha plastiki, na haiwekwi tupu mfukoni hata kwa dakika tano.

Ngozi ya plastiki ikichanika, hata kidogo, betri haitumiki tena mpaka ivalishwe nyingine. Betri iliyobonyea, iliyovuja au iliyoanguka kwa nguvu hairudishwi kwenye kifaa. Kifaa chenye betri mbili kinataka betri pacha: kampuni moja, aina moja, zilizonunuliwa siku moja na kuchajiwa pamoja siku zote. Betri mpya ikiunganishwa na iliyochoka, ile iliyochoka ndiyo inayoteseka hadi kuchemka. Chaja nayo iwe inayozima yenyewe betri ikifika volti 4.2, iwekwe mahali pasipo na godoro wala nguo, na isiachwe usiku kucha watu wakiwa wamelala.

Kwa wasafiri, kanuni inajulikana tangu 2015, pale shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilipopiga marufuku sigara za kielektroniki ndani ya mizigo inayokwenda chini ya ndege. Zinabaki mkononi pamoja na abiria, na betri za akiba vile vile, ili moto ukitokea uonekane.

Kila mmoja anamrushia mwenzake

Mtu akisoma orodha hii anaweza kujiuliza kwa nini mvutaji wa kawaida anadaiwa ujuzi wa fundi wa umeme. Jibu ni kwamba wahusika wengine wamejitoa.

Watengenezaji wakubwa wa betri wametangaza mara nyingi kwamba betri zao za 18650 hazikuundwa kuuzwa moja moja kwa watu, wala kutumika katika sigara za kielektroniki. Kwa maelezo yao, wanaziuza kwa viwanda vinavyozifunga pamoja ndani ya kifaa chenye mfumo wa kinga. Januari 2021 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, CPSC, ilisema hivyo hivyo: watu wasinunue wala kutumia betri za 18650 zinazouzwa moja moja. Kwa upande wao, watengenezaji wa sigara za kielektroniki wameendelea kuuza vifaa vyenye nafasi tupu ya betri hizo hizo. Mwenye betri anasema usiitumie hapa, mwenye kifaa anasema itafute mwenyewe, na mnunuzi anabaki katikati na namba asizozielewa.

Njia ya kutoka ipo. Kiwango cha UL 8139, kilichoandaliwa Marekani, kinapima mfumo mzima wa umeme wa sigara ya kielektroniki: betri, chaja na kinga zake kwa pamoja. Hapo mtengenezaji ndiye anayejibu, kwa kuwa betri haiangaliwi peke yake kama yatima. Lakini mtengenezaji mwenyewe ndiye anayepeleka kifaa chake kupimwa, na mnunuzi wa kawaida hajui kuitafuta alama hiyo.

Ulaya inaelekea mahali ambapo swali hili litakuwa zito zaidi. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka, mbali na vichache vilivyopewa ruhusa maalumu, ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Kwa mazingira ni hatua nzuri, maana kifaa hakitatupwa kwa sababu betri imechoka. Kwa usalama, maana yake ni kwamba watu wengi zaidi watalazimika kuchagua betri. Kanuni hiyo inataka pia betri za kuchajiwa ziandikwe ujazo wake. Lakini ujazo ndio ile namba isiyomkinga mvutaji. Kama ampea za mfululizo hazitaandikwa kwa lugha inayoeleweka, na kifaa hakitaandikwa kinahitaji ngapi, sheria itakuwa imefungua mlango bila kuwasha taa.

Upande wa Kongo

Kongo inaingia katika mjadala huu kwa milango miwili. Wa kwanza ni wa madini. Nchi hii inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Februari 2025 mamlaka ya udhibiti wa masoko ya madini ya kimkakati, ARECOMS, ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje baada ya bei kuanguka kwa sababu ya wingi sokoni. Oktoba mwaka huo ikaruhusu tena, lakini kwa mgawo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, na tani zisizozidi 96,600 kwa mwaka 2026 na vile vile 2027. Serikali inataka madini hayo yaheshimiwe kwa bei. Ni vigumu kulitetea dai hilo mbele ya biashara iliyokuwa ikitupa jalalani, baada ya siku chache, betri ambazo zingechajiwa mamia ya mara. Kanuni ile ile ya Ulaya itazilazimisha pia kompani kubwa zinazouza betri huko kuchunguza kobalti yao ilikotoka na hali za watu waliyoichimba, ingawa wajibu huo uliotakiwa kuanza Agosti 2025 umesogezwa hadi Agosti 2027.

Mlango wa pili ni wa soko. Kobalti inatoka Lualaba ikiwa malighafi, inakwenda hasa China, kisha inarudi ikiwa ndani ya betri. Betri zinazorudi haziko sawa. Katika nyumba zisizo na umeme wa kudumu, taa ya sola na pawabenki ni vitu vya kila usiku, na mara nyingi vinachajiwa mahali watu wanapolala. Betri ya bandia iliyo hatari London ni hatari vile vile Goma au Bukavu. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ndiyo iliyopewa kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Betri iliyoandikwa mAh 9,900 haihitaji maabara ili ikataliwe mpakani. Inahitaji mkaguzi anayejua kwamba namba hiyo haiwezekani.

Kuhusu sigara yenyewe, kuchagua betri nzuri hakuifanyi nikotini isiwe na uraibu. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizitaka serikali zichukue hatua za haraka kuwakinga watoto na vijana na bidhaa hizo. Asiyevuta hana sababu ya kuanza. Kwa anayevuta tayari, kanuni ni fupi: ampea kabla ya mAh, muuzaji anayejulikana kabla ya bei, na kisanduku cha plastiki kabla ya mfuko. Na kwa wanaotunga sheria, iwe Brussels au Kinshasa, swali linabaki la nani anayepaswa kujibu betri ikilipuka: aliyeitengeneza, aliyeiingiza sokoni, au aliyeungua.